Siku Nilipomwambia Mkwe Arudishe Kahawa

Karibu, kaa kwenye hilo benchi la wateja, sukuma furushi la sare za shule pembeni, halitavunjika, na unisikilize wakati namalizia pindo hili, maana kisa hiki siwezi kukisimulia mikono ikiwa mitupu. Nitaanza na aibu yenyewe ili isije ikanikimbiza katikati ya safari. Mimi, Kokushubira, fundi cherehani wa Bugene, mtu mzima mwenye akili zangu, nilisimama mbele ya ukoo mzima uliokuja kumchumbia mdogo wangu, nikamwambia mkubwa wao, mzee wa kanisa, akiwa na kofia yake mapajani na kahawa yetu mdomoni: "Baba, usitafune! Nirudishie!"

Kama wewe ni wa huku kwetu, najua umeshajishika kichwa. Kama si wa huku, subiri, nitakueleza taratibu, sina haraka na wewe umeshakaa.

Huku mgeni hakaribishwi kwa maneno tu. Analetewa kikapu kidogo cha kahawa, na siyo kahawa ya kunywa bali ya kutafuna, yale matunda yanayochumwa kabla hayajaiva, yakachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa mpaka yakawa meusi na magumu. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unatia mdomoni. Zamani wazee walifanya udugu kwa kahawa, punje mbili zilizolala ndani ya ganda moja, moja yako, moja yangu, na kuanzia hapo sisi si watu baki tena. Kwa hiyo kahawa ikishatoka mkononi mwa mwenyeji ikaingia mkononi mwa mgeni, imekwenda. Mgeni akiirudisha, ni kama amesema sitaki undugu na ninyi. Na mwenyeji akiidai, hapo sijui anakuwa amesema nini, kwa sababu kabla yangu sikuwahi kusikia mwenyeji aliyeidai.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mazingaombwe nilijifunza kwenye simu, msimu mmoja wa mvua ambao wateja walikuwa wachache (watu hawashoni nguo mpya wakati barabara ni tope, huo ni ukweli wa kazi yetu). Nilikuwa nikiangalia video za watu wanaopoteza sarafu na kutoa vitambaa vya rangi mdomoni, na kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyozidi kucheka peke yangu, kwa sababu niliona kitu ambacho pengine wewe usingekiona: mfuko uliofichwa ndani ya bitana, pindo lenye midomo miwili, uzi wa rangi ileile ya koti. Nikasema, kumbe hawa ni mafundi cherehani wenzangu! Nikaanza kujishonea vifaa. Baada ya miezi michache nilikuwa napitisha kifungo katikati ya kitambaa bila kukitoboa, nakata uzi mbele ya macho yako na kukurudishia ukiwa mzima, na bodaboda waliokuwa wanapita hapa wakielekea Kayanga walikuwa wanasimama na abiria wao mgongoni, abiria wanalalamika kwamba wamechelewa, halafu abiria haohao ndio wanaosema, "Rudia, dada, rudia kidogo."

Wasichana niliokuwa nawafundisha kushona niliwaeleza siri zote, maana mimi kitu nikikijua siwezi kukaa nacho. Niliwaambia, macho ya watu hayafuati mkono wako, yanafuata macho yako, kwa hiyo ukitaka waangalie mkono wa kushoto, uangalie wewe kwanza, tena uangalie kwa mapenzi, kama vile na wewe hujui kitakachotokea. Niliwaambia mzaha una kazi yake, mtu akicheka anapumzika, na akipumzika ndipo unapofanya jambo lako. Hayo yote ni kweli mpaka leo. Lakini kulikuwa na jambo moja kubwa nililokuwa nimelikosea, nalo ni kwamba niliamini utamu wote wa mazingaombwe umo ndani ya siri, kama vile uzuri wa gauni ni mshono usioonekana. Mshono ukionekana, nilikuwa nasema, kazi imekufa.

Basi mdogo wangu Kemi akapata mchumba, kijana wa Rugu anayeitwa Elias, mpole, mwalimu, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mkubwa, Mzee Byarugaba, mzee wa kanisa. Na Mzee Byarugaba alikuwa ameshasikia habari zangu. Habari za fundi cherehani anayepoteza vifungo hapa Bugene zilipofika Rugu zilikuwa zimenenepa njiani, nikawa napoteza kuku. Elias mwenyewe alikuja kutueleza, amekaa pembeni ya kiti, anazungusha kikombe cha chai.

"Baba mkubwa anasema," akakohoa, "samahani dada, mimi ninarudia tu, anasema nyumba yenye mtu anayepoteza vitu, ukienda kuoa humo, siku moja utapotezwa na wewe. Anasema atakuja aone kwa macho yake. Akiona ni uchawi, anasimama, anavaa kofia, anaondoka, na mambo yameishia hapo."

Kemi aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Usiku ule nilimwambia Kemi mawazo yangu. Nikificha, wataona ninaficha uchawi. Nikionyesha mchana kweupe, kitu kimoja kidogo cha kuchekesha, mzee ataona kwamba ni mchezo. Kemi akasema, "Dada, mikono yako haiwezi kukaa tu mapajani siku moja?" Nikasema inaweza, lakini siyo vizuri. Akafikiri. Akasema, "Sawa. Lakini kifungo. Ile ya kifungo na leso, basi."

"Kifungo," nikasema.

"Sema tena."

"Kifungo, Kemi! Mimi ni mtoto?"

Hapa inabidi nikufundishe mchezo wenyewe, la sivyo hutaelewa nilivyoanguka. Unachukua leso, na kwenye kona moja, ndani ya pindo, umeshonea kifungo ambacho mtu hawezi kukiona. Unaonyesha kifungo kingine kinachofanana nacho. Unakipeleka chini ya leso, lakini kwa kweli unachomshikisha mtu kupitia kitambaa ni kile cha kwenye kona, na kile alichokiona umebaki nacho wewe, kimelala katikati ya vidole. Anashika, anakisikia kabisa, anaapa kwamba kipo. Unavuta leso, unaikung'uta, hakuna kitu, halafu unakwenda "kukikuta" mahali pengine, mfukoni mwa mtu au ndani ya kofia yake. Ni mchezo rahisi na mtamu, kwa sababu ushahidi wote umo mkononi mwa mtazamaji mwenyewe.

Ilipofika asubuhi ya siku ile, nyumbani kwa baba, kule Nyaishozi, ndizi zimeshamenywa, turubai la bluu limeshafungwa kati ya nyumba na migomba, mimi nikaingia jikoni nikakuta kile kikapu cha kahawa kimekaa kwenye kinu kinasubiri wageni. Nikakitazama. Kikanitazama. Nikajiambia (na huu ndio uamuzi wangu mdogo, uangalie vizuri, ni mdogo kiasi gani): kifungo ni kitu cha dukani tu, lakini kahawa ni heshima. Wakwe wanakaribishwa kwa kahawa. Je, kama kahawa ya kuwakaribisha ndiyo ingepotea mkononi mwa mzee na kuonekana ndani ya kofia yake, si lingekuwa jambo la kusimuliwa mpaka Kyerwa? Nikafumua kile kifungo kwenye pindo, nikashonea punje ya kahawa. Nikachukua punje nyingine nikaifunga uzi mwekundu ili kila mtu aitambue. Nilishona nikiimba. Mshono ule, nikuambie bila haya, ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Kemi sikumwambia.

Wageni waliingia saa nane mchana. Mbele Mzee Byarugaba, mrefu, koti la vifungo viwili viwili ambalo bitana yake ilikuwa imechanika upande wa kushoto (jicho langu lilifika hapo kabla ya kufika usoni, uniwie radhi). Nyuma yake Elias, na shangazi yake Elias, mama mmoja anayeitwa Yulitha, mwenye ulimi kama wembe mpya, kisha wengine wengi. Salamu zikapita, shikamoo kwa marahaba, sala ikasaliwa, ukaimbwa wimbo mmoja, watu wakakaa. Mzee akavua kofia akaiweka mapajani na kuangaza huku na huku kama mtu anayetafuta mahali moshi unapotokea.

"Na huyu fundi," akasema, "yuko wapi?"

Nikasimama, nikapiga magoti kidogo mbele yake kama inavyotakiwa. "Shikamoo baba. Ni mimi."

"Marahaba." Akanitazama mikono. Nikaona jirani yake naye ananitazama mikono.

"Baba," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "nimesikia mnaambiwa ninapoteza vitu. Ni kweli, ninapoteza. Lakini ninapoteza kwa ruhusa, na huwa ninarudisha. Naomba leo nikuonyeshe wewe mwenyewe, mchana huu, ukishika kwa mkono wako."

Pakatulia. Ule utulivu, nikuambie, ndio chumvi ya mazingaombwe, pale watu hamsini wanapoacha kutafuna na kupepea, na hata kuku wanaonekana wamesimama. Nikajisikia kama malkia. Nikachukua kile kikapu, nikatoa punje yenye uzi mwekundu, nikaiinua juu wote wakaiona, nikaona kwa pembe ya jicho Kemi anafungua mdomo (alikuwa anatafuta kifungo), na nikamwekea mzee kiganjani.

"Baba, ikague vizuri."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Uso wake mgumu ukalainika, ukafunguka kama mlango.

"Wameifunga hata utepe," akamwambia jirani yake. "Kasinge, waitu," akaongeza kwa kilugha chetu, kwa heshima. Akainamisha kichwa kushukuru, akaitia mdomoni.

Nilisikia ganda likilia. Kra. Mpaka leo nikikaa kimya ninalisikia.

Na hapo ndipo nilipopayuka lile neno. Sikupanga. Ulimi ulitoka wenyewe, na mkono wangu nao ulikuwa umenyooshwa chini ya kidevu chake, kiganja juu, kama mama anayemtemesha mtoto peremende. "Baba, usitafune! Nirudishie!"

Ule utulivu mtamu ukageuka utulivu mwingine. Mzee akaacha kutafuna, shavu moja limevimba, macho yananiangalia juu ya kiganja changu. Baba yangu, upande wa pili, akajifunika uso kwa mkono. Na shangazi Yulitha akageuka taratibu kuelekea watu wa Rugu, akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Nimesikia vizuri? Kahawa inadaiwa?"

"Inadaiwa," mmoja akajibu nyuma.

"Basi sisi tumekuja mapema. Walikuwa hawajamaliza kufikiri."

Elias akasema, "Shangazi, samahani," sijui alikuwa anaomba radhi kwa niaba ya nani. Kemi alikuwa anaangalia chini, na nikaona ncha ya kidole chake inachora kitu kwenye kitenge, inachora na kufuta, kama mtu anayeandika barua ya kumwachisha mtu kazi.

Sasa mtu mwenye busara angeomba radhi akasema yote pale pale. Mimi nilisema nitaokoa mchezo. (Ukiona umeshona suruali mguu mmoja nyuma mbele, usiendelee na wa pili ili vifanane. Nawaambia wanafunzi wangu kila siku.) Nikacheka kicheko cha mbuzi, nikasema, "Hapana, baba, hapana, sikumaanisha hivyo, endelea kutafuna, hiyo ni yako! Ya mchezo ni hii nyingine." Nikatoa leso haraka, nikamshikisha ile kona yenye punje ndani ya pindo. "Shika hapa kwa nguvu. Unaisikia?"

Mzee alimeza kwanza. Akavuta uzi mwekundu katikati ya meno, mrefu, watu wote wakiutazama unavyotoka, akauweka vizuri kwenye ukingo wa kofia. Kisha akaibonyeza ile kona.

"Ninaisikia," akasema. "Kahawa."

"Ndiyo, baba!"

"Imefungwa."

"Ndiyo, imef…"

Usisahau jambo moja, maana mimi nilikuwa nimelisahau. Kahawa yetu ya safari, ya kumpelekea mtu zawadi, hufungwa kwenye jani la mgomba. Na ukipewa iliyofungwa unaifungua vipi, mkono mmoja wa mzee ukiwa umeshika kofia yenye uzi? Kwa meno. Mzee Byarugaba, mtu mstaarabu, aliyekwisha kuona kwamba kahawa ya kwanza imezua maneno na kwamba mwenyeji sasa anamtuliza kwa ya pili, hakutaka kuniaibisha kwa kuikataa. Akainua kona ya leso, akaipeleka mdomoni, akauma pindo, akavuta.

Mshono wangu bora maishani ulisema praaa.

Punje ikaruka, ikadunda mkekani, ikabingirika, ikasimama kwenye kidole gumba cha mguu wa shangazi Yulitha. Leso ikabaki imening'inia kwenye meno ya mzee, mfuko wa siri umefunguka wazi, nyuzi zimetoka nje kama utumbo. Siri yote ilikuwa hadharani. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti mkono juu, katika pozi la kusema "haipo tena!", neno ambalo sikulisema.

Shangazi akaokota punje. Akainuka, akaitoa leso kwenye meno ya kaka yake, akaingiza kidole kwenye ule mfuko, kikatokea upande wa pili, akakichezesha watu wakione.

"Kumbe imeshonewa!"

Hakuna aliyecheka. Watu wote walimtazama mzee, kwa sababu kofia ilikuwa mkononi mwake, na Elias alishatuambia, akiivaa, yameisha. Nilimwona Kemi ameacha kuchora. Nilimwona baba anahesabu mambo kichwani. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kushika sindano, sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu, nikaiweka mapajani, kama Kemi alivyoniomba tangu mwanzo.

Mzee akasema, "Nipe hiyo leso." Akapewa. Akaitandika gotini, akatoa miwani, akafuata pindo kwa ukucha, polepole, kutoka mahali palipochanika mpaka mahali palipobaki pazima.

"Umeshona wewe?"

"Ndiyo, baba. Asubuhi."

"Kwa mkono au kwa cherehani?"

"Kwa mkono, baba. Cherehani ingeonekana."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupapasa. Kisha akainua uso, akawageukia watu wake wa Rugu, na kwa sauti ileile anayotumia kusoma matangazo kanisani akasema: "Mimi nimezeeka. Nimesikia habari nyingi za wachawi. Sasa niambieni, ni uchawi gani una mshono?"

Shangazi Yulitha ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, akiwa bado na punje mkononi, na kicheko chake kikawa kama moto kwenye majani makavu, kikapita upande wao, kikaruka njia katikati, kikashika upande wetu. Mtu mmoja nyuma aliigiza, "Nirudishie!" mkono umenyooshwa, wakaanguka upya. Nilicheka na mimi. Nililia pia, lakini kwa sababu nilikuwa nacheka hakuna aliyejua.

"Sasa," mzee akasema walipotulia kidogo, "nifundishe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikatoa sindano kwenye ukosi (fundi hatembei bila sindano), na kile kifungo nilichokifumua asubuhi kilikuwa bado kwenye mfuko wa gauni langu pamoja na mwenzake, nikaketi pale mkekani mbele ya ukoo mzima nikakishona kwenye pindo wote wakiona. Nikamweleza mzee kama ninavyokueleza wewe: hiki unakionyesha, hiki unamshikisha, macho yako yaende kwenye leso siyo kwenye vidole, na usikimbie. "Usikimbie, baba. Wape nafasi ya kungoja." Akajaribu, kifungo kikamponyoka. "Vizuri sana, baba, kila mtu kinamponyoka mara ya kwanza, mimi kilinitoka kikaingia kwenye uji." Akajaribu tena. Mara ya tatu kikakaa, akasimama na urefu wake wote, akavuka kwenda upande wetu, akasimama mbele ya baba yangu.

"Shika hapa," akamwambia. "Unakisikia?"

"Ninakisikia," baba akasema.

Mzee akangoja. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja, nyusi zimepanda, na palikuwa kimya kabisa, jamani, kimya kuliko wakati wangu, ingawa hapakuwa na mtu hata mmoja pale asiyejua kifungo kimekaa wapi! Kisha akavuta leso. Praa! Hakuna kitu. Baba yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheza tangu mama afariki, akajitazama kiganja, akakigeuza, akatazama chini ya kiti, akasema kwa mshangao wa kweli kabisa, "Wakwe zangu! Kimekwenda wapi?" Watu walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Hapo nilipoketi ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekosea miaka yote. Watu wale hawakudanganyika hata kidogo, na bado walifurahi kuliko wote niliowahi kuwadanganya. Walifurahi kwa sababu mzee mgumu alikuwa anahangaika na kifungo na walitaka afaulu. Walifurahi kwa ule muda wa kungoja. Walifurahi kwa kuwa baba alikubali kuwa mjinga kwa hiari yake mbele yao. Siri inasaidia, siwezi kuitukana siri, lakini siri ni bitana tu, hakuna anayevaa koti kwa ajili ya bitana. Na nikaelewa kitu kingine kilichonitia baridi: kama mchezo wangu ungefaulu kama nilivyoupanga, kama ile kahawa ingepotea mkononi mwa mzee na kuonekana ndani ya kofia yake bila mshono kuonekana, angeivaa kofia hiyohiyo akaondoka.

Kabla hatujala, mzee aliomba neno. Alisema, "Mwenyeji ametaka kahawa yake nimrudishie." Nikataka ardhi ipasuke. "Nimeitafuta, nimekuta nimeshaimeza. Kilichobaki ni kamba yake tu. Kwa hiyo hakuna njia ya kurudi nyuma. Kama kuna mtu anaidai, atalipwa kwa watoto watakaozaliwa na Elias na mkewe, wawe wa nyumba zote mbili." Kisha akaushika ule uzi mwekundu uliokuwa kwenye ukingo wa kofia, akampa Kemi kwa mikono miwili, na Kemi akaupokea kwa mikono miwili.

Kemi alinipata jikoni baadaye. Alinifinya hapa, chini ya mkono, panapouma. "Nilisema nini?"

"Kifungo."

"Sema tena."

"Kifungo, mama."

Akanikumbatia huku bado ananifinya.

Walioana, wanakaa Rugu, na huko nimepata jina, naitwa Nirudishie, hata watoto wadogo wananiita hivyo nikishuka kwenye bodaboda, na mimi naitika kwa kichwa juu. Ndiyo, ninajivunia. Wapo mafundi wengi wa mazingaombwe ambao mchezo wao haujawahi kuharibika, lakini nionyeshe mmoja ambaye mchezo wake umeharibika na ukamwoza mtu. Mwezi uliofuata Mzee Byarugaba alikuja hapa Bugene na lile koti lake, akakaa hapo ulipokaa. Nilimwambia nilishaiona bitana ilivyochanika siku ile. Akasema shona. Nilipochukua mkasi akaangalia mlangoni kama hakuna mtu wa kanisani, akainama. "Na upande wa kulia," akasema, "kama hutajali, niwekee mfuko. Wa ndani. Usionekane."

Anacheza mchezo wa kifungo kwenye sherehe siku hizi, na anangoja vizuri kuliko mimi. Mimi nimeapa: kahawa ni ya kutafuna, sitaigeuza kifaa tena maisha yangu yote.

Haya, pindo limekwisha. Kabla hujaondoka, chukua hii leso. Ukifika nyumbani tafuta vifungo viwili vinavyofanana. Kimoja kishonee ndani ya pindo, kwenye kona, kwa uzi wa rangi ya leso, mishono midogo midogo, usiikaze sana. Jizoeze mbele ya kioo mpaka vidole viache kukimbia. Kisha mtafute mtu aliye mgumu kuliko wote pale kwenu, mpe hiyo kona ashike kwa mkono wake, muulize kama anakisikia, na kabla hujavuta, ngoja.